Frigo imekufa: mbele ya kuipiga nyundo, fahamu kilichomo ndani

Nyuma ya nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, kuko frigo ao kongelateri moja imesimama, haifanyi kazi tena. Umeme ulipanda na kushuka, kompreseri ikaungua. Ao fundi aliijaza gazi mara tatu, na kila mara gazi ikapotea. Mwenyewe anaiacha hapo, akisema labda siku moja itapona. Siku anapotaka nafasi katika parseli, ao anapotafuta makuta kidogo, anaita wanunuzi wa mitraye. Wanakuja na nyundo na msumeno. Wanakata tiyo za shaba, wanang'oa kompreseri, wanabeba mabati. Lile povu la manjano linabaki chini, na jioni linachomwa pamoja na takataka zingine.

Kazi hiyo inaisha haraka. Lakini katika muda huo mfupi gazi imetoka yote na kwenda hewani, mafuta yamemwagika ku udongo, na moshi wa povu umeingia katika nyumba za majirani. Mnunuzi wa mitraye amepata chuma na shaba. Kartye imebaki na sumu.

Frigo ya zamani inaweza kuvunjwa bila hatari. Hiyo ni kazi inayojulikana na ina utaratibu wake. Sehemu moja ya kazi hiyo inahitaji viwanda ambavyo viko mbali na hapa. Sehemu nyingine inawezekana hata leo katika atelye ya fundi wa kartye. Neno kubwa ni mpangilio: nini kinatoka kwanza, nini kinafuata, na nini hakipaswi kuguswa.

Vitu vinne ndani ya sanduku moja

Watu wengi wanasema frigo "inatengeneza baridi". Kwa kweli, frigo inachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Ndiyo sababu ukigusa nyuma yake wakati inafanya kazi, unasikia joto. Anayebeba joto hilo ni gazi. Kompreseri, ile motere nyeusi ya chini, inakandamiza gazi na kuizungusha katika tiyo. Ndani ya frigo gazi inapanuka na kuchukua joto; nyuma ya frigo inaliacha.

Kwa mtu anayetaka kuvunja frigo, kuko vitu vinne vya kuangalia.

Cha kwanza ni gazi hiyo iliyo ndani ya tiyo. Katika frigo ya nyumbani si nyingi: mara nyingi ni gramu 50 mpaka 200.

Cha pili ni mafuta yaliyo ndani ya kompreseri. Yanalainisha motere, na gazi inayeyuka ndani yake. Ndiyo maana mafuta ya frigo hayafanani na mafuta mapya: hata kisha gazi kutoka, bado yanashika gazi kidogo na uchafu wa motere.

Cha tatu ni povu gumu lililo kati ya bati la nje na plastiki ya ndani. Hilo ndilo linazuia joto lisiingie. Wengi wanaliona kama takataka tu, lakini katika frigo za zamani ndilo linashika gazi nyingi zaidi.

Cha nne ni vipande vidogo: kondansateri iliyo karibu na kompreseri, taa, nyaya, na katika kongelateri fulani za zamani, swichi yenye zebaki inayowasha taa mfuniko unapofunguliwa. Kondansateri za zamani sana, za mbele ya katikati ya miaka ya 1980, zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, sumu inayokaa mwilini na katika samaki kwa miaka mingi.

Kilichobaki ni mali safi: chuma, shaba, aluminiumu, plastiki na vioo. Karibu nusu ya uzito wa frigo, ao zaidi, ni chuma. Kwa hiyo kuivunja vizuri hakupotezi pesa za mitraye. Chuma kinabaki kile kile.

Kibandiko cha nyuma kinasema yote

Mbele ya kugusa kitu, fundi anapaswa kusoma kibandiko cha nyuma ya frigo ao kile kilichobandikwa ku kompreseri. Hapo kuko herufi R na namba.

R12 ni gazi ya frigo za zamani, nyingi zilizotengenezwa mbele ya katikati ya miaka ya 1990. Haina harufu na haiwaki. Lakini ndiyo inayoharibu zaidi anga.

R134a ilichukua nafasi ya R12. Haiharibu tabaka la ozoni, lakini inapasha dunia joto kwa nguvu. Frigo nyingi za okazyo zinazofika kwa kontena kutoka Ulaya ao Dubai ziko na gazi hiyo.

R600a ni isobutani, ndugu ya gazi ya kupikia. Ulaya ilianza kuitumia katika frigo za nyumbani mwaka wa 1993, na leo frigo mpya nyingi ziko nayo. Kwa mazingira ni nzuri kuliko zingine, lakini inawaka. Mara nyingi kibandiko chake kina pembetatu ya manjano yenye mwali wa moto.

Kongelateri kubwa za biashara na vyumba vya baridi vya wauzaji wa samaki vinaweza kuwa na R22 ao R404A. Humo gazi haihesabiwi kwa gramu. Inahesabiwa kwa kilo.

Shida moja iko hapa: kibandiko kinasema gazi ya kiwandani, hakisemi gazi ya fundi wa mwisho. Mteja anaposema "papa fundi, weka ile utapata," fundi anaweka ile iliyopo sokoni. Frigo iliyoandikwa R12 inaweza kuwa na R134a, ao hata gazi ya kupikia. Kwa sababu hiyo kila frigo iliyokufa inapaswa kutunzwa kama vile gazi yake inaweza kuwaka. Na fundi anayebadilisha gazi anafanya vizuri akiandika jina la gazi na tarehe ku kompreseri. Siku moja fundi mwingine atamshukuru.

Gramu 100, na litre 450 za esanse

Mtu anaweza kuuliza: gramu 100 za gazi zinafanya nini katika dunia kubwa hivi?

Mwaka wa 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gazi za jamii ya R12 zinapanda juu sana bila kuharibika, na huko jua linazivunja na kutoa klorini. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu chembe za ozoni mpaka 100,000. Ozoni ndiyo mwavuli unaopunguza miale mikali ya jua, ile inayounguza ngozi na kuharibu macho. Mwaka wa 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya Antaktika, kusini kabisa ya dunia, mwavuli huo ulikuwa unatoboka kila mwaka. Miaka miwili kisha hapo, tarehe 16 Septemba 1987, nchi zilitia sahihi Mkataba wa Montreal ili kuacha gazi hizo. Leo nchi zote za Umoja wa Mataifa zimo, na Kongo imo. Kwa nchi zinazoendelea, utengenezaji na uingizaji wa R12 mpya ulipaswa kuisha mwaka wa 2010.

Kwa hiyo R12 inayobaki ni ile iliyo ndani ya vyombo vya zamani, kama frigo ile ya nyuma ya nyumba. Hakuna kiwanda tena cha kulaumu. Kilichobaki kinatoka ao hakitoki kulingana na mtu mwenye msumeno.

Kuko tena jambo la joto la dunia. Kilo 1 ya R12 inapasha dunia sawa na kilo 10,900 hivi za gazi ya kaboni, ile inayotoka ku moshi wa gari. Maana yake gramu 100 za R12 ni sawa na moshi wa zaidi ya litre 450 za esanse. Mwenye pikipiki ya taxi anajua ni siku ngapi za kazi hizo. R134a ni dhaifu kuliko R12, lakini gramu 100 zake bado ni sawa na litre 60 hivi. Ndiyo sababu tarehe 15 Oktoba 2016, katika mji wa Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza pia jamii ya R134a. Makubaliano hayo yalianza kazi tarehe 1 Januari 2019.

Povu: sehemu inayosahauliwa

Fundi mzuri anaweza kunyonya gazi yote ya tiyo na kudhani kazi imekwisha. Katika frigo za zamani, hiyo ni karibu theluthi moja tu ya kazi. Theluthi mbili hivi za gazi mbaya ziko ndani ya povu.

Povu la frigo lilitengenezwa kwa kupuliza gazi ndani ya plastiki laini ili ivimbe, kama vile hamira inavyovimbisha unga wa mikate. Gazi hiyo ilibaki katika vitundu vidogo vilivyofungwa. Katika frigo za zamani ilikuwa R11, ndugu ya R12. Kisha ikafuata R141b, na leo frigo nyingi zinatumia siklopentani, ambayo haiharibu ozoni lakini inawaka.

Povu likibaki zima ndani ya bati lake, gazi inatoka polepole sana, kwa miaka mingi. Likivunjwavunjwa, inatoka haraka. Na likichomwa, kuko hatari ya karibu zaidi: moshi wa povu hilo unabeba kaboni monoksidi na sianidi, sumu mbili zinazozuia mwili kutumia hewa. Mtoto mwenye pumu, mama mwenye mimba ao mzee mwenye kifua kibaya ndio wa kwanza kuteseka. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, plastiki yake inatoa dioksini, sumu nyingine inayodondoka ku udongo, ku mboga na ku maji.

Namna viwanda vinavyofanya

Ulaya ilijifunza jambo la povu kwa njia ngumu. Tangu Januari 2002, sheria ya Umoja wa Ulaya ililazimisha kutoa gazi za zamani hata zile za ndani ya povu. Uingereza haikuwa na mashine za kutosha. Maduka yaliacha kupokea frigo za zamani, na frigo zikarundikana katika viwanja mpaka magazeti yakaandika juu ya "mlima wa frigo". Ilihitajika muda kujenga viwanda.

Katika viwanda hivyo kazi inapita katika hatua mbili kubwa.

Hatua ya kwanza inafanywa na mikono. Vioo, nyaya, kondansateri, taa na swichi za zebaki zinatolewa. Frigo inainamishwa ili mafuta yashuke chini ya kompreseri, kisha koleo maalum inatoboa mahali pa chini na kunyonya gazi na mafuta pamoja, bila kitu kutoka nje. Mafuta yanapashwa joto ili gazi iliyoyeyuka ndani itoke. Gazi inaingia katika chupa zake, mafuta katika pipa lake. Kompreseri, ikiwa sasa tupu, inakatwa na kupelekwa kwa wayeyushaji wa chuma na shaba.

Hatua ya pili ni ya mashine. Sanduku zima linaingia katika chumba kilichofungwa na linasagwa humo. Chumba kinajazwa nitrojeni, kwa sababu siklopentani ikikutana na hewa na cheche inalipuka. Gazi inayotoka ku povu inanyonywa na kupitishwa katika makaa maalum yanayoishika, ao inapozwa sana mpaka inageuka maji. Sumaku inavuta chuma. Mashine nyingine inatenga aluminiumu na shaba na plastiki. Unga wa povu unakandamizwa ili gazi ya mwisho itoke, na unga huo unaweza kutumiwa kunyonya mafuta yaliyomwagika.

Gazi mbaya iliyokusanywa haihifadhiwi milele. Inachomwa katika tanuru za joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na asidi inayotoka inazimwa kwa chokaa ao kemikali nyingine. Moto wa jikoni, moto wa matofali ao moto wa takataka hauwezi kufanya kazi hiyo. Unaigeuza tu gazi kuwa asidi na sumu.

Mashariki ya Kongo: kinachowezekana na kisichowezekana

Kiwanda cha namna hiyo ni cha bei kubwa na kinahitaji frigo nyingi sana kwa mwaka ili kijilipe. Rwanda iko na kiwanda cha kupokea vyombo vya umeme vilivyoharibika huko Bugesera, kusini ya Kigali. Lakini kuvusha mpaka si kupakia gari tu. Chini ya Mkataba wa Basel, tangu tarehe 1 Januari 2025, takataka zote za vyombo vya umeme, ziwe za hatari ao hapana, zinahitaji nchi inayopokea ikubali kwanza kwa maandishi. Mtu wa kawaida hawezi kubeba kongelateri iliyokufa mpaka mpakani akadhani amefanya vizuri.

Kuko pia upande wa kuingia. Mkataba wa Bamako, uliotiwa sahihi Mali mwaka wa 1991, unakataza kuingiza takataka za hatari katika Afrika. Frigo ya okazyo inayofika kupitia Mombasa ao Dar es Salaam ikiwa imekufa, na ndani iko R12, si bidhaa tena. Ni takataka iliyolipiwa usafiri. Ghana iliona jambo hilo: ilitunga sheria mwaka wa 2008, na tangu Januari 2013 inakataza frigo za okazyo kuingia. Pembeni ya katazo hilo, wakaaji waliruhusiwa kurudisha frigo ya zamani na kupunguziwa bei ya mpya, na zile za zamani zikatolewa gazi. Neno la kujifunza ni kwamba katazo peke yake halikutosha. Mtu alihitaji sababu ya kuleta frigo yake badala ya kuipiga nyundo.

Hapa mashariki, atelye ya fundi wa frigo inaweza kufanya karibu hatua yote ya kwanza. Vyombo ni hivi: mashine ya kunyonya gazi, koleo ya kutoboa tiyo, mizani, na chupa ya kukusanyia gazi. Mashine hiyo si ya bei ndogo kwa fundi mmoja, lakini mafundi watano ao kumi wa mji mmoja wanaweza kuinunua pamoja na kuizungusha. Mpangilio wa kazi ni huu:

Kwanza, kazi inafanyika nje ao mahali penye hewa ya kupita, mbali na moto, sigara na groupe inayofanya kazi. Gazi hizi ni nzito kuliko hewa. Zinakaa chini, katika shimo ao chumba kilichofungwa, na zinaweza kumkosesha mtu hewa bila harufu ya kumwonya.

Pili, kunyonya gazi katika chupa yake. Chupa haijazwi zaidi ya asilimia 80, kwa maana jua likiipasha, gazi inahitaji nafasi ya kuvimba. Chupa ya gazi ya kupikia haitumiwi kwa kazi hiyo hata siku moja. R12 haichanganywi na R134a: gazi safi inaweza kutumiwa tena katika frigo nyingine ya namna hiyo, lakini mchanganyiko haufai kitu. R600a haiingizwi katika mashine isiyotengenezwa kwa gazi inayowaka.

Tatu, kumwaga mafuta ya kompreseri katika bidoni yenye mfuniko na jina. Hayamwagwi ku kanivo inayoshuka Ziwa Kivu ao Tanganyika, na hayapakwi ku kidonda ao ku mbao za nyumba.

Nne, kutoa kondansateri na swichi ya zebaki zikiwa nzima, na kuziweka katika sanduku lao bila kuzifungua.

Tano, kukata shaba kwa msumeno ao mkasi, si kwa chalumo. Gazi ya jamii ya R12 ikikutana na mwali wa chalumo inageuka asidi na fosijeni, gazi iliyotumiwa kuua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kama ni R600a, mwali huo huo unaweza kuilipua usoni mwa fundi.

Hatua ya pili, ile ya povu, haiwezekani katika atelye. Basi kuliko kuivunja nusu nusu, ni vizuri sanduku libaki zima. Na hapo kuko matumizi ambayo wakaaji wanayajua tayari: sanduku la kongelateri lisilo na motere ni baridi la barafu zuri sana. Mama anayeuzisha samaki anaweka barafu chini, samaki juu, na samaki wanafika jioni wakiwa wazima. Wengine wanatunza humo mbegu ao unga, panya asifike. Kila mwaka ambao sanduku hilo linafanya kazi, gazi yake inabaki ndani. Sharti ni moja tu: bati lisitobolewe, na kufuli itolewe.

Kufuli, wavu na moto

Kufuli inastahili maneno yake. Katika nchi nyingi watoto wamekufa ndani ya frigo zilizoachwa nje. Wanacheza kujificha, mtoto anaingia, mlango unajifunga, hewa inaisha, na povu lile lile linalozuia joto linazuia pia sauti yake. Marekani ilitunga sheria mwaka wa 1956 ili milango ya frigo ifunguke hata kutoka ndani. Toka hapo sumaku ilichukua nafasi ya kitasa. Lakini kongelateri za kulala bado ziko na kufuli, na mfuniko wake ni mzito kwa mtoto. Frigo inapokufa na kukaa nje hata siku moja, mlango ung'olewe. Kama mlango bado unahitajika, igeuzwe uso ku ukuta ao ifungwe kwa kamba. Hii haihitaji mashine wala pesa.

Jambo la pili ni ule wavu wa ndani, mahali chakula kinawekwa. Wengine wanauweka juu ya makala ili kuchomea mishikaki ya mbuzi ao samaki, kwa sababu unafaa kwa ukubwa. Wavu wa frigo za zamani unaweza kuwa umepakwa kadimiamu, chuma chenye sumu. Moto unakiyeyusha na kinaingia katika nyama. Anayekula anaweza kutapika na kuumwa tumbo siku ile ile. Wavu huo uuzwe kwa mitraye, usipikie.

Jambo la tatu ni kukwangua barafu kwa kisu. Frigo nyingi zinakufa hapo: kisu kinatoboa tiyo, gazi inatoka, na frigo iliyokuwa nzima inaingia katika safu ya mitraye. Kuizima na kuacha barafu iyeyuke kunachukua masaa machache. Pia stabilizateri inalinda kompreseri wakati umeme unapanda na kushuka. Frigo inayodumu miaka mitano zaidi haihitaji kuvunjwa leo.

Frigo za petroli za vituo vya afya

Kuko namna moja ya frigo ambayo hata fundi mzoefu asiikate: zile zisizo na kompreseri, zinazofanya kazi kwa petroli ya taa, kwa gazi ao kwa umeme bila kelele yoyote. Kwa miaka mingi zilitunza chanjo katika vituo vya afya na misioni mahali umeme haufiki. Leo nyingi zimeachwa, kwa kuwa frigo za jua zimechukua kazi yao.

Ndani ya tiyo zake kuko amonia, maji na hidrojeni, kwa mkandamizo mkubwa. Kuko pia kromati, kemikali ya manjano inayozuia kutu, ambayo inaweza kuleta kansa kwa anayeivuta. Ukiikata, amonia inatoka kwa nguvu na inaweza kupofusha macho. Harufu yake ni kali na inatoa machozi. Ikisikika karibu na frigo hiyo, watu waondoke upande upepo unakotoka. Muganga mkuu wa kituo anapaswa kuzihesabu, kuziweka mahali pakavu pa kufungwa, na kuandikia zone ya afya ili zikusanywe pamoja. Betri za frigo za jua za zamani nazo ziko na risasi na asidi. Haziendi pamoja na mitraye ya kawaida.

Nani afanye nini

Mwenye frigo: ng'oa mlango, usikate kitu, mwite fundi mbele ya kumwita mnunuzi wa mitraye. Ukipatana bei, sema wazi kwamba gazi na mafuta vitoke kwanza, na povu lisichomwe katika parseli yako.

Fundi: soma kibandiko, nyonya, andika jina la gazi ku chupa. Gazi safi unayokusanya ni gazi ambayo hutainunua. Chupa za gazi iliyochanganyika na sanduku la vipande vya sumu viwekwe mahali pamoja, vihesabiwe. Ofisi ya mazingira ya jimbo haiwezi kuomba usafiri wa kupeleka kitu ambacho hakuna anayejua kiko kiasi gani.

Mnunuzi wa mitraye: kompreseri ambayo haijamwagwa mafuta inakuongezea uzito ku mizani, lakini mafuta hayo yanamwagikia nguo, mikono na parseli yako, pale watoto wako wanapolala. Nunua kompreseri tupu.

Viongozi wa mji: sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira iko. Kinachokosekana ni mahali. Hangari moja yenye sakafu ya simenti, paa, na mtu wa kuandika kinachoingia ingetosha kuanza. Mlima wa frigo wa Uingereza ulikuwa mbaya kuutazama, lakini frigo zilikuwa zimesimama nzima, zikisubiri. Frigo iliyopigwa nyundo haisubiri kitu.